Kikohozi

Kazi yangu ni kupiga chapa.
Mahakama ya Mwanzo, Ujiji, chumba cha pili,
dirisha lenye wavu na kioo kimoja kilichosalia.
Miaka kumi na mmoja nimeandika *kahaba*
bila kukosea herufi,
kama fundi cherehani apigavyo pindo
asiulize nguo ni ya harusi au ya msiba.

Jumanne ile aliletwa mwanamke wa Gungu,
miaka thelathini na minne,
amekamatwa karibu na stesheni
usiku ambao treni ya Tabora ilichelewa.
Uzururaji, ilisema hati, kwa nia ya ukahaba.
Akakohoa.
Hakimu akasema, mpeni maji.
Akakohoa tena, kikavu, mara tatu,
kama mtu apigaye hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Jioni nikamuuliza Mabruki,
kijana anayekuja kutufasiria hati za mirathi,
neno hili limetoka wapi.
Akafungua kamusi yake ya Kiarabu,
jalada limeshonwa kwa uzi wa nyavu,
akacheka kwanza, halafu akaacha.
Wapo wajuzi wa lugha, alisema,
wanaodai mzizi wake ni kukohoa:
mwanamke alisimama kizani, akakohoa,
mwanamume akajua mlango ni upi.
Basi.
Neno zima limesimama juu ya pumzi iliyokwama kooni.

Nilipanda kilima cha Mwanga
nikiwa nalo kooni, mwiba wa mgebuka.

Lilikuja kwa miguu, nadhani,
na misafara, kupitia Tabora,
kati ya mitumba ya kaniki na kasha la shanga,
juu ya kichwa cha mpagazi asiyejua amebeba nini.
*Malaya* je? Mabruki hakujua. Mimi sijui.
Kila mtu ana hadithi yake, hakuna mwenye risiti.
Na *changudoa* ni samaki wa maji ya chumvi!
Kwetu kuna kuhe, kuna mgebuka, kuna dagaa;
changu hajawahi kuonja ziwa hili.
Alifikaje Kigoma?
Kwa treni, daraja la tatu,
ndani ya midomo ya wanaume,
wala hakuoza njiani.

Mama yangu alikausha samaki kwa moshi, Kibirizi.
Mjane wa miaka ishirini na sita,
banda la mabati, kuni mbichi.
Usiku kifua kilimkaba, akakohoa,
na majirani, ambao hawakuwahi kufungua kamusi yoyote,
walisema: mnasikia? Anaita.

Nilikuwa na miaka tisa.
Nilimpelekea maji kwenye kikombe cha bati
nikamwomba akohoe taratibu.

Alijaribu.
Alijifunika kanga mdomoni, akajaribu.

Mwanamume aliyekutwa na yule wa Gungu
aliandikwa shahidi namba mbili.
Dereva wa lori la saruji.
Naye alikohoa kizimbani, vumbi limemjaa,
hakimu akangoja amalize,
na mimi sikuandika,
maana kwenye mwenendo wa kesi kikohozi hakiandikwi.

Faini elfu hamsini.
Alirudi Ijumaa kuchukua nakala,
kanga imekunjwa mara nne kichwani kuzuia jua.
Mmeniandikaje, aliuliza.
Nikamgeuzia karatasi.
Alisoma kwa kidole, polepole, mstari kwa mstari.
Nilikiona kidole kikilifikia lile neno.
Nilikiona kikilipita,
kama mtu apitaye dimbwi alilolizoea.
Kikarudi juu, kikasimama.

Dada, alisema, hapa umekosea.
Mimi ni Nyanzobe.
Umeandika Nyazobe.
Kuna *n* umeiacha.

Nikatafuta kifutio. Droo ya kwanza, droo ya pili.
Nilitaka kusema kitu,
nikasafisha koo.
Akainua macho, akaniangalia.