Sailensa

Saa moja asubuhi, Arvaikheer, giza bado,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na gari la mwalimu Gombosuren linatetemeka
kama mtu aliyeamshwa kwa habari mbaya.
Mshale unapanda elfu moja na mia tano,
unaporomoka mia nne, unapanda.
Injini inataka kuzima, inakumbuka kitu, inakataa.

Plagi ameshabadilisha, asema. Betri mpya.
Mafundi wa sokoni wamemuuzia pampu ya mafuta
ilhali ya zamani haikuwa na kosa.
"Likipata moto, Tserendulam, linatulia kama mtoto aliyeshiba.
Asubuhi tu ndipo linaponitia aibu."

Simjibu. Gari likisema, fundi hunyamaza.
Navua blanketi la sufi alilolaza juu ya boneti,
natega sikio: hakuna mpira unaopiga mluzi.
Napulizia dawa kwenye maungio, mlio haubadiliki.
Mlango wa hewa umesafishwa, unang'aa.

Basi, zima.

Nachomoa waya wa sensa ya joto la maji,
kidude kama kidole gumba.
Chuma kinanasa ngozi yangu, kinabaki nayo kidogo.
Kwa baridi hii mita ingesoma omu elfu ishirini na ushei.
Inasoma mia tatu.

Mia tatu ni Julai.
Mia tatu ni injini iliyotoka safari ndefu.
Usiku kucha barafu imelalia rejeta,
na hiki kidude kinaiambia kompyuta:
kuna joto huku, punguza mafuta.
Nayo inaamini. Ingejuaje?

Namweleza. Anacheka puani.
Simu inalia: mwanawe, yuko Seoul.
"Aa, mwanangu, kuna joto. Jiko linawaka. Nakula vizuri."
Nyuma yake bomba la hema halitoi moshi.
Halikuwa likitoa nilipofika.
Theluji juu ya rundo la samadi kavu
haina hata alama ya mkono.

Sensa ninayo, ya gari lililokufa.
Naifunga, maji mekundu yakinidondokea kiganjani.
"Washa."
Mshale unapanda, unashuka taratibu,
unakaa.

Anauliza bei.
"Chai," namwambia. "Ya maziwa, yenye chumvi, na iwe moto."
Anasita mlangoni.
Nachukua kikapu, nakikung'uta theluji,
nakijaza samadi, nampa.