Uyoga wa Barka

Majani yetu tuliyanunua Sohar,
yakaja garini yamekunjwa kama mikeka.
Motalib akayatandika juu ya mchanga
akawa anayapa maji asubuhi na jioni,
kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji.

Leo, joto digrii arobaini na tatu,
uyoga.
Kumi na saba, nimehesabu,
umekaa duara, vichwa vyeupe,
kila kimoja na kivuli chake kidogo.

Motalib kaja na reki.
"Sumu, mama. Mtoto atakula."
Mama kamzuia kwa mkongojo,
kisha akainama, yeye anayesali juu ya kiti,
akaunusa.
"Si ule wa kwetu Mkwajuni," akasema.
"Ule ukinukia supu. Huu unanuka kabati."

Watu husema nyumba za huku zimeota kama uyoga.
Basi uyoga wenyewe umeota kama nini?

Nikachimba kwa kijiko cha chai.
Chini ya mkeka, nyuzi nyeupe,
nyembamba kuliko za kushonea kofia,
zinashuka, zinashuka, hadi kwenye kisiki:
mtende wa Baba,
tulioukata mwaka Mama alipokaa eda
ili bustani ipendeze.
Kisiki hatukuking'oa. Tulikifukia tu.

Mama hakuuliza nimeona nini.
"Motalib, reki irudishe stoo."

Kufika adhuhuri jua lilishaula,
umeyeyuka mweusi, kama wino uliomwagika,
na saa kumi
mabomba yakaanza tena kunyunyiza.