Kabla Hujakata Karata

Keti, Dushan. Si hapo. Hapo ni pa Eino.
Keti huku karibu na jiko, vua glavu;
Butte nzima imeganda usiku huu
na hakuna atakayecheka vidole vyako vyekundu.

Karata tano kwa kila mtu. Unabakiza uzipendazo,
mbovu unazirudisha, unapewa nyingine.
Hiyo ndiyo poka, mtoto ataiweza.
Kazi ni kukaa na watu.

Hiki cha katikati tunakiita chungu.
Usivurumishe visahani humo kama mtu anayelisha kuku:
vipange mbele yako, tuvihesabu kwa macho.
Wala usisukume vitatu, ukatukagua nyuso
kuona nani amemeza mate, kisha ukaongeza vinne.
Dau huwekwa mara moja.
Ukisema napandisha, umepandisha;
ulimi ukishatangulia, mkono hauna budi kuufuata.

Ngoja zamu yako. Trevenna, huyo mwenye kofia ya sufu,
atafikiri mpaka kahawa yake ifanye utando.
Mwache. Amechimba shaba miaka kumi na minane,
na kila siku kulikuwa na mtu wa kumharakisha.

Ukijitoa, jitoe kimya. Hakuna kuguna,
hakuna kumnong'oneza jirani ulichotupa.
Ukishinda, onyesha upesi.
Mtu ajuaye kuwa ameshinda
akafunua moja moja kama anayevua soksi,
huyo marehemu Vaso alimtoa nje bila koti,
Januari, na theluji magotini.

Na karata ikishagusa zilizotupwa, imekufa.
Hata zingekuwa ree nne.
Haifufuliwi. Haitazamwi.

Haitazamwi, nimesema.

Alhamisi moja tulibaki wawili, mimi na Eino Lahti.
Chunguni, dola arobaini na moja na robo;
usicheke, boila yake ilikuwa imepasuka
na fundi alitaka arobaini kabla ya kushika spana.
Mimi nina magulamu watatu.
Eino alibadilisha moja tu, akaichungulia,
akashusha pumzi kama tairi.
"Chukua, Zorka," akasema, akazitupa kifudifudi.

Nikavuta chungu. Zamu ya kugawa ilikuwa yangu,
nikakusanya karata zote,
na zile tano zikaja pamoja, zimegandana,
nami nikainua pembe.

Shupaza: kumi, sita, tisa, saba. Na nane ya kopa.
Alikuwa akisubiri shupaza ya tano, maskini,
macho yakatafuta weusi tu,
wekundu ukaingia katikati ukaziba pengo
na hakuona: sita, saba, nane, tisa, kumi,
msururu mzima, umevurugika mkononi mwake
kama watoto wasiopangwa mstari.
Msururu huwapiga watatu. Hilo unalijua.

Sheria ilikuwa upande wangu. Zilishakufa.
Na ni utovu wa adabu kumwambia mtu
alichokitupa kwa mkono wake mwenyewe.
Kwa hiyo nilivunja sheria moja, nikatii mbili,
nikachanganya karata vizuri, mara saba,
nikamwuliza kama anataka supu zaidi.
Alitaka. Alikula bakuli mbili, koti likiwa mwilini.

Kabla ya Pasaka alihamia kwa binti yake, Spokane.
Huandika. Anauliza nani anakaa kwenye kiti chake.
Najibu, hakuna. Barua nyingine, iliyo ndefu,
nimeianza mara tatu, na kila mara
nafika penye nane ya kopa, wino unakauka.

Sikufundishi kitu kwa hili. Nimekwambia
kwa sababu utaiona robo ya dola juu ya dirisha
na utaulizwa usiiguse.
Haitumiki mezani.

Haya, wanapanda ngazi, nasikia kikohozi cha Trevenna.
Kata karata. Kwa mkono mmoja, Dushan,
ule mwingine uweke tuuone.