Breki za Mwaka Hamsini na Tisa

Bi Eluned Pugh alisukuma mlango wa banda kwa goti,
mikononi chupa mbili za maziwa ya wanakondoo yatima,
akasema: hilo hapo. Usimwamini mtu. Hata mimi.

Gari la mwaka hamsini na tisa, kijani,
kijani kilichopauka upande ambao mbwa alizoea kukaa,
na juu yetu mvua ya Wales ikihesabu mabati
moja moja, haina haraka, ina mwaka mzima.

Wenzangu wakinunua gari la kilima
huuliza litapanda wapi.
Hufungua boneti, hutazama injini kama watazamao kitoto kichanga,
huingiza gia ya magurudumu manne, hucheka.
Baba yangu, aliyetengeneza malori ya machimbo ya Corris,
aliuliza jambo moja tu: litashuka vipi?

Basi nikalala chali kwenye mavi makavu ya kondoo, tochi mdomoni.
Chesisi: kutu ya juujuu, nikaigonga, ikalia vizuri.
Bomba la breki: lilipakwa grisi na mtu mwenye subira.
Tairi la nyuma, kushoto, upande wa ndani: unyevu,
na banda halivuji.
Nikaugusa, nikaunusa.
Mafuta ya breki yana utamu mbaya,
kama peremende iliyosahauliwa kwenye koti la msiba.

Nikapanda. Nikakanyaga.
Pedali ikaenda moja kwa moja hadi sakafuni,
na mbio za sakafuni sote twajua ziishiapo.
Mara ya pili, nusu.
Mara ya tatu ikapata adabu, ikasimama. Hewa, nikasema.
Lakini nilipoishikilia, mguu mzito, pumzi nimeibana,
ikaanza kuzama tena, pole, pole,
kama mzee wa kanisa mahubiri yakiingia saa ya pili.
Hiyo si hewa.
Hiyo ni pampu kuu, mpira umechoka moyoni.

"Mumeo alishukaje na hili?"

"Gia ya pili, ile ya chini, kuanzia lango la juu.
Kwenye jiwe jeupe anaanza kupampu.
Kwenye kizuizi cha ng'ombe anasali.
Siku nyingine hakuwa mtu wa dini."

"Kwa hiyo ndilo lililo..."

"La. Ngazi. Tena fupi, ya kuchumia tufaha."

Nikanyamaza.
Kuna methali hazisemwi mbele ya mjane.

Hendibreki ilikuwa habari nyingine.
Haishiki gurudumu; inashika shafti, kiuno chenyewe cha gari.
Niliivuta pale mlangoni, pua ikielekea bondeni,
tukasukuma sote wawili, mbwa akitubwekea:
halikusogea hata unywele.

Alitaka pauni elfu sita.
Nikamhesabia kwa vidole vyeusi: pampu kuu,
pistoni za magurudumu yote manne, brekishu, bomba la shaba,
Jumamosi tatu za maisha yangu.
Akanisikiliza hadi mwisho, kama asikilizavyo bei ya sufu.
"Toa bei ya breki," akasema.
"Bei ya woga usitoe. Hiyo ni yako mwenyewe."
Tukapeana mkono kwenye elfu tano na mia moja.

Trela la binamu yangu Hefin lilikwama chini, barabarani;
halikuweza mlima. Ilibidi nilishushe.
Gia ya pili, ile ya chini. Injini ikanung'unika, ikashikilia.
Mguu niliuning'iniza juu ya pedali bila kuigusa,
kama apitaye chumbani mwa mgonjwa aliyepata usingizi.
Bi Eluned alitangulia akifungua malango,
hakugeuka nyuma hata mara moja,
na mgongo wake uliujua mlio ule kuliko masikio yangu.

Jiwe jeupe: nikapampu. Moja. Mbili. Tatu.
Kwenye kizuizi cha ng'ombe, nondo zikitetema chini yangu,
nikajisikia nasema neno.
Siwezi kuapa kwamba ilikuwa sala.
Lakini lilikuwa refu kuliko tusi.