Herufi Tatu

Hatuna maabara hapa Ndosho.
Tuna mbabula ya Mama Masika,
sufuria moja iliyong'oka mkono,
na ayodini niliyoomba zahanati
nikiapa kwamba sina kidonda.

Maharagwe tumeyapanda kwenye kopo la maziwa.
Udongo tumeubeba kwa mfuko kutoka Rutshuru,
kwa kuwa shule imekaa juu ya lava,
na lava hii, ingawa imewazidi umri wanafunzi wangu,
bado haijajifunza kulea.

Siku mbili tuliuficha mche kabatini
ule akiba yake mpaka iishe.
Siku ya tatu Kahindo akaja na karatasi nyeusi,
ile ya kaboni, ya mashine za kuchapia,
akakata ndani yake, kwa wembe, jina la mama yake.
Jina likalizidi jani.
Zikatosha herufi tatu: MAS.
Akaibana juu ya jani kwa vibanio vya nywele,
kopo likarudi dirishani.

Sikilizeni, nikawaambia
(nami sijawahi kukiona ninachokisema):
mwanga ukigonga klorofili hauketi kama mgeni.
Unaipiga kikumbo elektroni, inaruka,
na pale ilipotoka panabaki pengo,
na pengo halina subira, linadai,
linadai kwa maji,
hadi maji yanapasuka.
Oksijeni inatoka nje. Ndiyo hiyo mnayoivuta
mkisinzia kwenye somo langu.
Nayo elektroni inateremka
kama chukudu kutoka Kibumba,
ila huku kila mteremko unalipiwa.
Katikati ya njia inapigwa tena, inaruka tena.
Malipo yanakusanywa,
na kwa malipo hayo jani linaikamata hewa ukaa,
pumzi ya malori, ya majiko, yangu mimi,
linaishona iwe sukari,
sukari iwe wanga.
Ukipasua wanga usiku hutaona mwanga.
Mwanga ulikwisha. Iliyobaki ni kazi yake,
imekunjwa.

Muhindo akainua mkono.
Na ule mwekundu wa mlima, usiku?
Maharagwe hayauli?
Nikafikiri. Nikasema unafika, lakini ni mdogo mno,
mmea unaoutegemea utakufa njaa huku ukiutazama.
Akasema: kama sisi na nguzo za umeme.
Darasa likacheka kuliko nilivyotaka.

Pombe ya duka la dawa ilikuwa ghali.
Tukatumia kanyanga, ndani ya glasi,
glasi ndani ya maji ya moto,
maana kanyanga na moto hawasalimiani.
Ilichukua kipindi kizima, na mapumziko, na kipindi cha Kifaransa.
Kijani kikatoka polepole, kikaingia kwenye pombe,
jani likabaki kama kitambaa kilichofuliwa mno.
Chini yake makala yalikuwa yakinong'ona.
Yalitoka Masisi, kwenye mti nisioujua jina,
uliokula jua labda kabla sijazaliwa.
Jua la zamani likachemsha jua la juzi.
Hilo sikuwaambia. Halimo kwenye mtihani.

Tone la ayodini.
Kwanza jani lote rangi ya chai.
Kisha, pale tu karatasi ilipokatwa,
pale mwanga ulipopita,
weusi wa buluu ukapanda kutoka ndani:
M. A. S yenye mkia uliovimba kidogo.
Hakuna aliyepiga makofi.
Walisogea tu, mpaka vichwa vikanizibia dirisha.

Saa kumi Mama Masika akaja kuchukua mbabula.
Mmenimalizia makala ya jioni, alisema.
Kahindo akamwonyesha jani, limelala kwenye kifuniko cha sufuria.
Ni wewe, mama. Limeandika jua.
Akainama, mikono nyuma, isije ikalichafua.
Akasoma kwa midomo.
Na IKA iko wapi?
Jani liliisha, mama.
Mngepanda kisamvu, akasema, kina majani mapana,
akaipakata mbabula ikiwa bado na joto,
akatoka nayo.