Dirisha la Nne

Saa mbili kasorobo Mbale bado imefunikwa na ukungu,
mawe ya Maragoli hayajaonekana,
nami nimekwisha kuwasha kompyuta
na kubandika karatasi: MTANDAO HAUPO.
Naibandika mapema. Hunipunguzia matusi.

Wa kwanza ni Kageha Chavulimu.
Gunia la mrenda kamwachia bawabu,
damu yake husafishwa Jumanne na Ijumaa.
Kadi ya zamani ameifunga kwenye leso
mafundo mawili, kama nauli.
Namwambia, hiyo ilikufa, mama.
Ananiuliza ilizikwa wapi.

Walisema mgonjwa haulizwi uji.
Huyu anaulizwa paa.

Paa? Mabati.
Ukuta? Udongo.
Maji? Ya chemchemi, napanda nayo mlima.
Kuku? Wanane. Anasita.
Saba. Mmoja kachukuliwa na kicheche jana.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kisha kompyuta inamtangaza mwenye nazo:
alipe ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja,
kabla ya sindano.
Anainama kukitazama kioo.
"Kwani inaniona kutoka wapi?"

Mabati yale nayajua.
Ni mchango wa matanga ya Egadwa,
mvua za Aprili, nyasi zikivuja,
na nani angelaza jeneza mahali panapovuja?
Karatasi kumi na nane. Nilishika ngazi mimi mwenyewe.
Nimetafuta pa kuliandika hilo:
kuna jiko la gesi, kuna ng'ombe wa maziwa,
mabati ya msiba hakuna.

Na usidhani nyuma yangu kuna mtu anacheka.
Bima inadaiwa na hospitali tangu mavuno yaliyopita.
Bima yasema madai yamekosa muhuri.
Kaunti yasema muhuri upo,
ila fedha za wino zimekwama Nairobi.
Mleta dawa hasemi kitu. Kazima simu.
Yule kijana wa bima ya binafsi, mwenye tai ya zambarau,
huja Jumatatu kunieleza kwa upole
kwamba kampuni yake itaanzia
pale ya serikali itakapoishia.
Ya serikali haijaanza.

Mimi hukatwa kabla sijauona mshahara.
Mwezi jana mwanangu aliungua kwa maziwa.
Nilipanga foleni dirishani pangu,
wa kumi na tatu,
nikitazama kiti kisicho na mtu.

Basi leo nimeangalia kushoto, kulia,
nikafuta neno moja.
Paa: nyasi.
Kiduara kikazunguka, deni likanywea,
likawa kitu ambacho gunia la mrenda,
na kuku watatu, na aibu kidogo,
vingeweza kukilipa.

Nikamsomea. Nilitaraji baraka.

"Futa," akasema.
"Egadwa hakulala chini ya nyasi.
Watu walichanga. Majina yao ninayo daftarini,
hata wa shilingi ishirini.
Wewe nawe ulishika ngazi, Lugalia.
Ukiandika nyasi, umewarudishia nini?"

Foleni nyuma yake ikakohoa.
Mtu akauliza kama hapa ni kanisani.

Nikafuta. Nikaandika mabati.
Na kabla sijabonyeza, mtandao ukaondoka kweli,
bila kuiuliza karatasi yangu.
Kageha akaketi benchini, leso mapajani,
miguu imevimba ndani ya raba za marehemu,
tukakitazama kioo sote wawili.
Swali la kwanza bado linapepesa:
Paa?