Kikombe cha Msumarini

Baridi ya Iringa hulegeza ngoma.
Usiku wa kwanza hadi wa tisa
Devji huja kuikaza kwenye makaa yangu ya mahindi,
nje ya geti la hekalu.

Ngozi nilimletea mimi, beberu wa Ipogolo;
yeye akaikwangua, akaiwamba.
Ndiyo kazi ya ukoo wao,
ndiyo sababu kikombe chake kinaning'inia msumarini,
ukutani, kwa nje.

Akianza kupiga, bangili zinazunguka,
mungu wa kike mwenye mikono minane
anacheza kwa mikono miwili ya huyu.

"Sauti haiulizwi jina la baba,"
alisema, akipuliza makaa.

Jana nilikunywa chai kwenye kile kikombe.
Kuhani alitazama.
Ilikuwa na tangawizi nyingi mno, basi.